Yule «Bibi Mweupe» si bibi, wala si mweupe

Msomaji mpenzi, leo nataka tuitazame picha moja, wewe na mimi, kama watu wawili waliosimama mbele ya mwamba. Picha hiyo ilichorwa zamani za kale katika mlima wa Brandberg, nchi ya Namibia. Wadamara, wenyeji wa pale, huuita mlima huo Daureb. Urefu wake wapita mita 2,500, na hakuna mlima mrefu kuliko huo katika nchi ile. Picha yenyewe si kubwa. Toka utosi mpaka unyayo ni sentimita 40 hivi. Lakini maneno yaliyoandikwa juu yake yangejaza sanduku zima, na mengi ni maneno ya bure.

Mara ya kwanza niliiona kitabuni, nilipokuwa kijana wa seminari. Kilikuwa kitabu kinene cha Kifaransa juu ya watu wa kale. Nikakifungua katikati, na chini ya picha nikasoma jina: Dame blanche, yaani Bibi Mweupe. Kwa kuwa nilisoma jina kwanza, nilipoinua macho niliona bibi, tena mweupe. Sikuuliza neno. Nikafunga kitabu, nikaenda kulima shamba pamoja na wenzangu.

Miaka ikapita. Siku moja nilimwonyesha mzee mmoja wa parokia yetu picha ile ile. Mzee huyo ni mzaliwa wa upande wa Dilolo, na katika ujana wake alikuwa mwindaji. Safari hii nilikuwa nimekata karatasi, jina halionekani. Nikamwuliza: «Mzee, unaona nini hapa?»

Akaitazama sana, akasema: «Mwalimu, naona kijana mwanaume. Anakwenda. Ana upinde.»

«Si mwanamke?»

«Mwanamke na upinde? Kwa watu gani?»

«Na weupe huu wa miguu, mzee?»

Akacheka. «Amepakwa pemba. Wewe hukuwaona watoto wanaotoka mukanda?»

Nilinyamaza. Mzee huyu hajui kusoma, na kwa dakika moja alikuwa ameona neno ambalo watu wenye elimu walibishania kwa miaka mingi. Ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Jina la Bibi Mweupe lilitoka kwa nani? Mwamba wenyewe ulionekana na Mjerumani mmoja, Reinhard Maack, mwaka 1918, alipokuwa akishuka kutoka kilele cha mlima. Akachora nakala. Mwaka 1929 nakala ilifika machoni pa Abbé Henri Breuil, padri Mfaransa, naye hakuisahau tena. Mwaka 1947 akaenda mwenyewe mpaka pale mwambani, akiwa mzee wa miaka 70, katika nchi kavu ya jua kali. Mwaka 1955 akatoa kitabu kikubwa. Hukumu yake ilikuwa hii: huyu ni mwanamke, si wa Afrika. Sura yake ni ya watu wa bahari ya Mediteranea, anafanana na wale waliochorwa katika majumba ya kifalme ya kisiwa cha Krete. Kwa maneno mengine, wageni weupe walifika huko zamani sana, na picha hii ni alama yao.

Tusimdharau mtu huyu. Abbé Breuil alizaliwa mwaka 1877, akapewa upadri mwaka 1900, akafa mwaka 1961. Maisha yake yote alitambaa ndani ya mapango ya Ufaransa na Hispania akinakili michoro kwa mkono, akilala chali juu ya mawe, huku taa ndogo ikimwangazia. Ametufundisha mengi. Mimi ni katekista tu, na yeye alikuwa mwalimu wa walimu. Lakini heshima kwa mwalimu haitukatazi kuangalia alichotuonyesha. Basi, tuangalie.

Kwanza, upinde. Mtu huyu ameshika upinde na mishale kwa mkono mmoja. Mkono wa pili una kitu kidogo ambacho wengine hukiita ua, wengine kikombe. Kwa watu wawindaji wa kusini mwa Afrika, upinde ni kazi ya mwanaume. Tena, kifua chake si kifua cha mwanamke. Wachoraji wa mlima ule walijua kabisa kumchora mwanamke walipotaka. Hapa hawakutaka.

Pili, weupe. Miguu na kiuno ni vyeupe, lakini kifua na mikono si vyeupe namna hiyo. Je, umewahi kuona mtu ambaye ngozi yake ni ya Ulaya toka kiunoni kwenda chini tu? Rangi ya namna hiyo si ngozi. Ni rangi iliyopakwa juu ya mwili. Ana mapambo kama shanga mikononi na miguuni, kama mtu aliyejitayarisha kwa ngoma au kwa jambo kubwa. Hata kama mchoraji hakutaka kuonyesha rangi ya kupakwa, bado tungepaswa kukumbuka kwamba fundi huchagua rangi. Karibu na hapo kuna watu wekundu. Mbona hakuna aliyesema kwamba zamani nchi ile ilifikiwa na taifa la watu wekundu kama damu?

Tatu, jirani zake. Picha hii haiko peke yake. Mbele yake na nyuma yake wako watu wengine wenye pinde, wako na wanyama, na wengi kati ya hao ni choroa, wale wenye pembe ndefu zilizonyoka. Baadhi ya choroa hao wana miguu ya mtu. Hayo si mambo ya Krete. Mnyama mwenye miguu ya mtu, mtu mwenye kichwa cha mnyama, hao tunawakuta katika miamba mingi ya kusini, toka Namibia mpaka milima ya Drakensberg. Mwaka 1977 Harald Pager alianza kunakili michoro ya Brandberg, akaendelea mpaka alipofariki mwaka 1985. Aliacha nakala za watu na wanyama zaidi ya 40,000. Ndani ya umati huo yule «Bibi» si mgeni hata kidogo. Ni mtoto wa nyumba, ana ndugu kila upande. Kosa la Abbé lilikuwa kumtoa mtu mmoja katika ukoo wake na kumwuliza peke yake: wewe ni nani?

Wataalamu wa leo wanakubaliana: ni mwanaume, ni Mwafrika, na aliyemchora alikuwa wa watu wawindaji wa nchi ile. Wengi wanakadiria kwamba umri wa picha si chini ya miaka 2,000.

Hapa ndipo jambo linapouma. Laiti kosa hili lingetoka kwa mtu aliyewadharau watu wa kale, tungesema: hakujua. Lakini Abbé Breuil alijua. Sikiliza habari ya pango la Altamira, huko Hispania. Mwaka 1879 bwana mmoja, Marcelino Sanz de Sautuola, aliingia pangoni pamoja na binti yake mdogo. Mtoto akainua macho, akaona darini ng'ombe wa mwitu wengi, wekundu na weusi. Baba akaandika kwamba ni kazi ya watu wa kale sana. Wakubwa wa elimu wakamcheka. Wakasema haiwezekani, watu wa namna ile wasiojua chuma wala shamba hawana akili ya kuchora vizuri hivi. Wengine wakamdhania kuwa mdanganyifu. Sautuola akafa mwaka 1888 bila kusadikiwa.

Mwaka 1902 mmoja wa wale waliomkataa, Émile Cartailhac, aliandika makala ya kuungama kosa lake, na jina la makala hiyo alilichukua katika sala yetu ya maungamo: Mea culpa. Mwaka ule ule akaenda Altamira kuitazama michoro kwa macho yake. Na kijana aliyefuatana naye kuinakili alikuwa nani? Alikuwa Abbé Breuil, padri wa miaka miwili tu!

Yaani, mtu huyu katika ujana wake alisimama upande wa wawindaji wa kale wa Ulaya. Alithubutu kusema: hawa, wasio na shamba wala kitabu, walikuwa mafundi wakubwa. Na katika uzee wake, alipokutana na fundi mwingine wa namna ile ile, mwindaji mwenye upinde, lakini wa Afrika, akatafuta mchoraji ng'ambo ya bahari. Mlango alioufungua kwa mkono wake huko Altamira, aliufunga mwenyewe huko Brandberg. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Linanifundisha kwamba mtu aweza kushinda dharau upande mmoja wa moyo wake, na upande mwingine ikabaki imelala.

Tusimwache kwa haraka, lakini tusimhukumu yeye peke yake. Nyakati zile mawazo hayo yalikuwa hewa ya kila siku. Kuta kubwa za Zimbabwe nazo zilisemwa kuwa kazi ya Wafoinike, au ya malkia wa Sheba, hata baada ya wachimbaji kuonyesha kwamba zilijengwa na Waafrika. Nchi ya Namibia ilikuwa chini ya utawala wa Afrika Kusini mpaka mwaka 1990, na tangu mwaka 1948 utawala huo ulikuwa ule wa ubaguzi. Katika nchi ya namna hiyo, kusema kwamba watu weupe walikuwako zamani za kale si neno dogo la watu wa vitabu. Ni neno linalowapa wenye nguvu hati ya shamba. Sisemi kwamba Abbé aliandika kwa ajili ya siasa. Moyo wake anaujua Mungu. Nasema tu kwamba neno likitoka kinywani halimwulizi mwenyewe njia ya kupita.

Na wenyewe walionyang'anywa picha hii ni nani? Ni watu ambao Wazungu waliwaita Bushmen, na leo huitwa mara nyingi Wasan. Huko Rasi, kusini kabisa, wakulima wenye bunduki na farasi waliwawinda watu hao katika karne ya 18 na ya 19, wakawaua, wakachukua watoto wao kuwa watumishi. Walinyang'anywa maji, kisha wanyama, kisha nchi. Kuwanyang'anya hata picha zao ni kumvua maiti nguo.

Lakini haikuwa lazima kukosea. Walikuwako waliofuata njia nyingine, tena mapema zaidi. Njia hiyo ni kuuliza. Mwaka 1873 Joseph Orpen, mkubwa wa serikali, alisafiri katika milima ya Maloti, nchi ya Lesotho, akiongozwa na kijana mwindaji wa Wasan jina lake Qing. Walipofika kwenye miamba yenye michoro, Orpen alimwuliza maana yake, naye Qing akamweleza habari za watu wenye vichwa vya wanyama, za pofu, na za ngoma. Orpen akayachapisha hayo mwaka 1874. Huko Cape Town, Mjerumani Wilhelm Bleek na shemeji yake Lucy Lloyd walikuwa wameanza, tangu mwaka 1870, kujifunza lugha ya Wasan wa kundi la /Xam kwa wafungwa waliotolewa gerezani. Mmoja wao alikuwa mzee //Kabbo. Mistari ile katika majina haya ni alama ya sauti za kupiga ulimi, ambazo sisi hatunazo. Bleek alikufa mwaka 1875, lakini Bi Lloyd hakuacha kazi. Daftari zao zapita kurasa 12,000. Leo lugha ya /Xam haina msemaji hata mmoja. Walakini Afrika Kusini ilipotengeneza nembo yake mpya mwaka 2000, iliandika neno lake kuu kwa lugha hiyo, na katikati ya nembo ikaweka watu waliochukuliwa katika mchoro wa mwambani.

Ukitaka kuona faida ya kuuliza, tazama picha nyingine. Iko katika milima ya Drakensberg, mahali paitwapo Game Pass. Pofu amechorwa anakufa. Pofu ni yule swala mkubwa kuliko wote, mnene kama ng'ombe. Kichwa kimeinama, manyoya yamesimama, miguu ya nyuma imepishana. Nyuma yake amesimama mtu anayemshika mkia, na miguu ya mtu huyo imepishana vilevile kama ya mnyama. Mtu mwenye haraka angesema: mwindaji na windo lake. Bwana David Lewis-Williams, mtaalamu wa Johannesburg, hakufanya haraka. Aliyasoma maneno ya //Kabbo na wenzake, akayasoma ya Qing, akayalinganisha na ngoma za uponyaji ambazo Wasan wa Kalahari wanazicheza hata siku zetu. Katika ngoma hizo mganga hutetemeka, huinama, huanguka kama mfu, na watu husadiki kwamba roho yake imesafiri kutafuta msaada kwa ajili ya wagonjwa. Basi picha yafunguka. Mtu na pofu wanakufa pamoja, maana nguvu ya pofu inaingia ndani ya mtu. Picha hiyo si habari ya nyama tu.

Hata rangi yenyewe ilikuwa na neno. Mwaka 1930 mzee Mapote wa Lesotho, mwana wa mtemi Moorosi, ambaye katika ujana wake alichora pamoja na ndugu zake wa Wasan, alimwonyesha bibi mmoja jinsi rangi inavyotengenezwa. Aliomba udongo mwekundu uliochomwa na kusagwa, na damu ya pofu aliyechinjwa sasa hivi. Pofu hakupatikana, akatumia damu ya ng'ombe. Angalia: mnyama alichorwa kwa damu yake.

Lakini hapa nami nijionye. Maelezo ya Lewis-Williams ni mazuri, na wengine wakayageuza kuwa ufunguo wa kila mlango: kila mtu mwambani ni mganga, kila mstari ni safari ya roho. Wako wataalamu waliompinga, wakisema kwamba Qing alizungumza pia juu ya wafu na juu ya hadithi za mwanzo wa dunia. Nadhani wana haki ya kusikilizwa. Na mzee wangu wa Dilolo naye? Alipotaja pemba aliona vizuri kuliko kitabu, kwa kuwa alijua kwamba weupe waweza kupakwa. Lakini mukanda ni desturi ya kwao, si ya Wasan. Nikisema leo kwamba mtu wa Brandberg ametoka mukanda, nitakuwa nimefanya kosa lile lile la Abbé, ila badala ya Krete nimeweka Katanga. Desturi yetu yatusaidia kufumbua macho. Haitupi ruhusa ya kumpa mtu wa watu jina la nyumbani kwetu.

Je, maana ya mtu yule ni nini? Yu katika mwendo, amejipamba, amejipaka, ana upinde, na kati ya wenzake wamo wanyama wenye miguu ya watu. Mengine yote yangehitaji kinywa cha aliyemchora. Fundi ni hodari: kwa mistari michache ametupa uzito wa hatua, na miaka yote hii miguu ile haijasimama. Mimi nastarehe na hayo. Hata hivyo wageni wanaopanda mlima ule wanaambiwa hata leo kwamba wanakwenda kumwona Bibi Mweupe. Zamani baadhi yao walimwagia mwamba maji ili rangi ionekane vizuri zaidi kwa picha zao, na rangi ikaharibika. Sasa mwamba umezungushiwa uzio. Lakini jina halizuiliwi kwa uzio, na jina limeharibu zaidi kuliko maji.

Msomaji mpenzi, usidhani haya ni mambo ya mbali, ya Wazungu na ya jangwa. Wawindaji tunao hapa kwetu. Mara ngapi tumesikia, hata mlangoni pa kanisa baada ya Misa, mtu akisema juu ya Wambuti au Wambote: «Wale hawana kitu, hawajui kitu»? Na anayesema ni Mkongo kama mimi. Wanaume wa Wambuti wa msitu wa Ituri hupiga magome ya miti mpaka yawe nguo laini, kisha wanawake huchora juu yake mistari, nukta na nyavu kwa maji ya matunda na makaa. Hakuna nguo mbili zilizo sawa. Majumba ya makumbusho ya ng'ambo huzitunza nyuma ya kioo.

Nilipata kushika nguo moja ya namna hiyo, katika safari mjini. Mama Mmbuti aliyeichora alikuwa amesimama mbele yangu. Nilimwuliza bei. Sikumwuliza mistari ile yasema nini. Mea culpa.